ASIYESIKIA SI MKAIDI
Jifunze kuchagua, kutumia na kutunza kifaa cha kusikia



Je, kijijini kwako yuko mzee ambaye siku hizi haji tena kwenye mikutano ya kijiji? Je, yuko mama ambaye ukimuuliza habari za shamba anakujibu habari za mvua? Je, yuko mtoto ambaye watu wanasema ni mtundu kwa sababu akiitwa haitiki?

Fikiri vizuri kabla ya kumlaumu. Huenda watu hao hawasikii vizuri.

Wahenga walisema: sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ni ya mkaidi. Mkaidi husikia onyo, kisha hulipuuza. Lakini mtu aliyepungukiwa na usikivu si mkaidi. Maneno hayamfikii. Ukimkemea hatasikia zaidi, atanyamaza tu. Na mtu akinyamaza muda mrefu, watu huacha kumtaka shauri. Ng'ombe wake huuzwa na shamba lake hugawanywa mbele ya macho yake, naye hajui linalosemwa.

Watu wa namna hii ni wengi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji msaada. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama yetu.

Wengi kati yao wanaweza kusaidiwa na kifaa cha kusikia. Wengine hukiita mashine ya masikio. Lakini kifaa hiki si kama hirizi, kwamba ukikivaa kazi imekwisha. Kinahitaji kupimwa, kuzoewa na kutunzwa kila siku. Kisipotunzwa kitaishia ndani ya kikopo juu ya kabati, na mwenyewe atarudia ukimya wake.

KIFAA HIKI KINAFANYAJE KAZI?

Kifaa cha kusikia kina sehemu chache. Kuna tundu dogo linalopokea sauti. Ndani kuna mtambo mdogo unaoikuza sauti hiyo. Kuna betri ndogo inayotoa nguvu. Kisha sauti iliyokuzwa hupelekwa sikioni.

Kifaa kinachofaa watu wengi huvaliwa nyuma ya sikio. Kina umbo kama mbegu ya korosho. Sauti hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye kizibo kinachoingia sikioni. Viko pia vifaa vidogo sana vinavyoingia vyote ndani ya sikio. Hivyo havionekani sana, lakini ni vigumu kuvishika kwa vidole vya mzee, tena huzibwa upesi na nta ya sikio.

Jambo moja lieleweke. Kifaa hakiponyi sikio. Ni kama mkongojo. Mkongojo hauleti mguu mpya, lakini humfikisha mtu shambani.

PIMA KWANZA

Usianze na duka. Anza na zahanati.

Wakati mwingine sikio limezibwa na nta tu. Mganga akiitoa, mtu husikia tena siku hiyo hiyo. Wakati mwingine sikio linatoa usaha na linahitaji dawa. Usichokoe sikio kwa njiti ya kibiriti wala unyoya wa kuku. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani. Unaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Mtu akipoteza usikivu ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali upesi. Asisubiri mwezi upite. Hali hiyo ina matibabu, na matibabu hayo yanataka kuwahi.

Zahanati ikishindwa, omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina idara za masikio, pua na koo. Mtaalamu atakuvalisha vipaza sauti masikioni na kukusikilizisha sauti ndogo na kubwa, nyembamba na nzito. Kila ukisikia, utaonyesha. Hapo atajua sikio lako limepungukiwa sauti zipi. Kipimo hiki hakiumi.

Baada ya kipimo, kifaa hurekebishwa kifuate sikio lako. Ndiyo maana kifaa cha jirani hakikufai, hata kama amekupa kwa moyo mwema. Na vile vinavyouzwa minadani bila kipimo mara nyingi hukuza kila sauti, pamoja na kelele. Sauti ikikuzwa kupita kiasi, inaweza kuharibu hata usikivu uliobaki.

CHAGUA KINACHOFAA MAISHA YAKO

Kabla ya kutoa fedha, muulize mtaalamu maswali haya:

1. Je, kinatumia betri za kubadilisha au kinachajiwa? Cha kuchaji kinataka umeme karibu kila usiku. Kama nyumbani hakuna umeme wala sola ya kuaminika, chagua cha betri.

2. Betri zake zinauzwa wapi? Betri hizi zina namba na rangi. Namba 675 ina alama ya buluu na ni kubwa kuliko nyingine. Namba 13 ina alama ya rangi ya machungwa. Namba 312 ina alama ya kahawia. Ijue namba yako na uiandike.

3. Je, mwenyewe anaweza kufungua mlango wa betri kwa vidole vyake? Ajaribu pale pale, mbele ya mtaalamu.

4. Nani atakitengeneza kikiharibika, na kwa muda gani bila malipo?

5. Je, kizibo kitatengenezwa kwa umbo la sikio lake? Mtaalamu hutia sikioni kitu laini kama donge la unga. Kikishakauka hukitoa, na kizibo hutengenezwa kwa umbo hilo.

Kama sikio linatoa usaha mara kwa mara, mwambie mtaalamu. Sikio la namna hiyo halifai kuzibwa. Viko vifaa vingine vinavyopitisha sauti kwenye mfupa nyuma ya sikio.

SIKU ZA KWANZA

Siku za kwanza ni ngumu, na wengi hukata tamaa hapo. Mtu aliyekaa kimya miaka mingi ghafla anasikia kuku, sufuria, upepo na nyayo zake mwenyewe. Sauti yake mwenyewe humshangaza. Atasema, "Kitu hiki kina kelele, kitoeni!"

Msikiweke kabatini. Akivae kwa saa chache ndani ya nyumba, mahali penye utulivu, akiongea na mtu mmoja. Siku zinazofuata aongeze muda. Kisha ajaribu barazani penye watu watatu au wanne. Sokoni na arusini aende baadaye, kwa sababu penye kelele nyingi hata kifaa kizuri hupata taabu. Kuzoea huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Baada ya muda huo arudi kwa mtaalamu kukirekebisha.

Kama kinaumiza au kinachubua sikio, hilo si jambo la kuvumilia. Kizibo hakikukaa sawa. Arudi akakitengenezewe upya.

KAZI YA KILA SIKU

Asubuhi: Nawa mikono na uikaushe. Futa kifaa kwa kitambaa kikavu na safi. Angalia kama kizibo kina nta. Funga mlango wa betri, kisha kishike ndani ya kiganja ukikifumba kidogo. Kikipiga mluzi, kinafanya kazi. Kivae. Mwenye vifaa viwili akumbuke: alama nyekundu ni ya sikio la kulia, na ya buluu ni ya sikio la kushoto.

Mchana: Kivue kabla ya kuoga, kuogelea au kunyeshewa na mvua. Kivue pia unapopaka mafuta ya nywele. Kazi ya jembe huleta jasho jingi, na jasho huingia ndani ya kifaa. Kifute mara kwa mara. Usikiache juani wala karibu na jiko.

Usiku: Kivue. Fungua mlango wa betri na uuache wazi, ili betri isiishe bure na unyevu utoke. Kiweke katika kikopo chenye mfuniko, mbali na watoto na mbwa. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya vinafaa kuwekwa humo. Lakini haviliwi, watoto wasivichezee.

Mara moja kwa wiki: Chomoa kizibo na mrija wake kutoka kwenye kifaa. Kioshe kizibo peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Puliza maji yatoke mrijani. Kiache kikauke usiku kucha kabla ya kukirudishia. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji kamwe. Usikisafishe kwa spiriti wala mafuta ya taa.

JUA BETRI YAKO

Betri nyingi za vifaa hivi huanza kazi zinapopata hewa. Juu yake kuna karatasi ndogo ya rangi. Ukiibandua, hewa huingia na betri huamka. Subiri kama dakika moja au zaidi, kisha iweke ndani. Ukiirudishia karatasi hiyo, betri hailali tena. Kwa hiyo usibandue mpaka siku ya kuitumia.

Betri moja hudumu siku chache au wiki mbili hivi, kulingana na ukubwa wake na kifaa. Kwa hiyo unapohesabu bei ya kifaa, hesabu pia betri za mwaka mzima. Atakayekwenda mjini aagizwe betri kabla hazijaisha, kama anavyoagizwa chumvi.

HATARI! Betri hizi ni ndogo na zinang'aa, na watoto huzipenda. Betri ikikwama kooni, puani au sikioni huweza kuunguza nyama kwa saa chache. Mtoto akimeza, au ukishuku amemeza, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje aumwe. Betri zilizokwisha zisitupwe uani wala motoni. Zihifadhi ndani ya kikopo kilichofungwa, na uulize hospitali au kwa muuzaji pa kuzipeleka.

KIKIGOMA

Hakitoi sauti: Angalia kama betri imewekwa sawa. Weka betri mpya. Angalia kama kizibo kina nta, au kama mrija una maji au umejikunja.

Kinapiga mluzi masikioni: Huenda kizibo hakikuingia vizuri. Kitoe, ukirudishe. Huenda sikio lina nta, au kizibo kimelegea.

Sauti inakatika: Huenda betri inakaribia kwisha au unyevu umeingia. Kikaushe usiku mmoja kwenye kikopo.

Mrija umekuwa mgumu na wa njano: Umezeeka. Hubadilishwa baada ya miezi michache.

Ukishindwa, usikifungue kwa kisu wala usimpe fundi wa redio. Mpelekee mtaalamu.

MTOTO ASIYESIKIA

Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kelele kubwa apimwe. Mtoto wa miaka miwili asiyesema apimwe. Usingoje akue. Mtoto hujifunza maneno katika miaka ya mwanzo, na miaka hiyo hairudi. Akipewa kifaa, akivae wakati wote akiwa macho. Sikio lake linakua, kwa hiyo kizibo lazima kibadilishwe mara nyingi kuliko cha mtu mzima. Shuleni akae mbele, amwone mwalimu usoni.

Wako watoto na watu wazima ambao kifaa hakiwasaidii. Hao nao wana lugha, nayo ni lugha ya alama. Jamaa zao wajifunze kuitumia. Msiwaite mabubu.

NA SISI TUNAOSIKIA?

Kifaa hufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yetu. Mguse begani kwanza, akutazame. Simama penye mwanga ili aone midomo yako. Sema taratibu, bila kupiga kelele. Asipoelewa, badili maneno. Zima redio mnapozungumza. Wala usimwambie, "Si kitu, achana nayo." Neno hilo humtoa mtu katika kikao.

Mwenyekiti wa mkutano naye amweke mbele mwenye kifaa, na ahakikishe watu wanasema mmoja mmoja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini si vizuri kununua kifaa cha kusikia bila kupimwa?
2. Taja mambo matatu ya kufanya kila usiku.
3. Kwa nini betri ni hatari kwa watoto? Utafanya nini mtoto akimeza betri?
4. Kijijini kwenu ni nani ambaye hajapimwa masikio? Nani atamsindikiza zahanati wiki hii?