Vita vya hakimiliki: Anayenakili ni mwingine, anayelipa ushuru ni mwingine

TAREHE 4 Februari, 1995 Serikali ya Marekani ilitangaza orodha ya bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 1.08 ambazo zingetozwa ushuru wa asilimia 100 kuanzia Februari 26. Katika orodha hiyo kulikuwa na bidhaa za plastiki, simu na vifaa vya michezo. Mzozo wenyewe, hata hivyo, haukuhusu plastiki wala mipira. Ulihusu CD za muziki, filamu na programu za kompyuta zilizokuwa zikinakiliwa nchini China bila idhini ya wenyewe.

Mwenye kiwanda cha CD bandia hakuwa na haja ya kupitisha mzigo wake katika forodha ya Marekani, kwani wateja wake walikuwa kwingine. Ushuru usingemfikia. Ungemfikia mtengeneza plastiki wa China ambaye hakuwahi kunakili wimbo hata mmoja, pamoja na mwagizaji wa Marekani aliyekwisha kutoa oda yake. Ndivyo migogoro ya aina hii inavyokwenda hadi leo, na mfanyabiashara anayengoja habari za mahakamani ili ajue hatima ya mzigo wake huwa amechelewa.

Silaha ya Marekani

Silaha inayotumiwa na Marekani ni Kifungu cha 301 cha Sheria ya Biashara ya 1974, kilichoongezewa makali mwaka 1988. Tangu hapo, kila mwaka Washington hutoa ripoti ya nchi inazoona hazilindi vya kutosha hakimiliki, hataza na alama za biashara za Wamarekani. Nchi inayowekwa katika daraja la juu kabisa huchunguzwa, na mazungumzo yakishindikana huwekewa ushuru.

China iliwekwa katika daraja hilo mwaka 1991. Januari 1992 pande mbili zilitia saini makubaliano na ushuru ukaepukwa. Juni 1994 China ikarudishwa tena. Wamarekani walidai kuwa viwanda 29 vya China vilikuwa na uwezo wa kutoa CD milioni 75 kwa mwaka, wakati soko la ndani lilihitaji kama milioni 5 tu. Zilizobaki, walisema, zilikuwa zikiuzwa nje.

China nayo haikukaa kimya. Ilijibu kwa orodha yake: sigara, pombe, vipodozi na CD kutoka Marekani, na ikatishia kusimamisha mazungumzo na makampuni ya magari ya Marekani yaliyotaka kuwekeza huko. Tarehe 26 Februari, siku ile ile ushuru ulipotakiwa kuanza, Mickey Kantor wa Marekani na Waziri Wu Yi wa China walikuwa wamefikia mapatano.

Mwaka uliofuata mchezo ulirudiwa. Safari hii bidhaa zilizotishiwa zilikuwa za dola bilioni 2 hivi, na sehemu kubwa ilikuwa nguo. Siku ya mwisho ilikuwa Juni 17, 1996, na siku hiyo hiyo Charlene Barshefsky, aliyekuwa akiongoza ujumbe wa Marekani, alitangaza mapatano baada ya China kufunga viwanda 15 vya CD.

Hivyo kwa mara tatu, yaani 1992, 1995 na 1996, vitisho vilikuwa vikubwa na ushuru haukutozwa. Soko likajifunza kwamba wakubwa hawa hugombana mchana na kupatana usiku. Somo hilo lilikuja kuwagharimu wengi.

Kutoka mahakamani hadi forodhani

Januari 1, 1995 Shirika la Biashara Duniani (WTO) lilianza kazi likiwa na mkataba wa TRIPS, ambao uliweka kiwango cha chini cha kulinda ubunifu kwa nchi zote wanachama. China ilijiunga Desemba 11, 2001. Matumaini yalikuwa kwamba ugomvi sasa utaamuliwa na mahakimu, si kwa orodha za ushuru.

Marekani ilifungua shauri mwaka 2007. Uamuzi uliotolewa mwaka 2009 ulimpa kila upande kipande chake. China ilikutwa na kosa la kunyima hakimiliki kazi ambazo hazijapitishwa na wakaguzi wake. Lakini Marekani ilishindwa kuthibitisha kwamba sheria za jinai za China dhidi ya wanakili zilikuwa legevu kupita kiasi, na hilo ndilo dai lililokuwa na uzito mkubwa kibiashara.

Mwaka 2018 Washington ilirudi kwenye Kifungu cha 301. Madai yalikuwa yamepanda kutoka CD hadi teknolojia: kwamba makampuni ya Marekani yalikuwa yakilazimishwa kukabidhi ujuzi wao ili yaruhusiwe kufanya biashara China. Wengi walitarajia mapatano ya dakika za mwisho kama zamani. Hayakuja. Julai 6, 2018 ushuru wa asilimia 25 ulianza kutozwa kwa bidhaa za dola bilioni 34. Septemba zikaongezwa bidhaa za dola bilioni 200 kwa asilimia 10, na Mei 2019 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 25.

China ilijibu kwa kutoza asilimia 25 kwa soya ya Marekani. Mkulima wa soya hana hataza ya kompyuta wala hakuibiwa programu yoyote, lakini soko lake kubwa lilifungwa na wanunuzi wakahamia Brazil. Serikali ya Marekani ilibidi itangaze msaada wa hadi dola bilioni 12 kwa wakulima mwaka 2018, na bilioni 16 mwaka 2019.

Januari 15, 2020 mataifa hayo yalitia saini Mkataba wa Awamu ya Kwanza, na sura yake ya kwanza ilihusu ulinzi wa ubunifu. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya ushuru iliachwa palepale. Septemba mwaka huo jopo la WTO liliamua kwamba ushuru wa Marekani ulivunja kanuni. Marekani ikakata rufaa kwenye baraza la rufaa ambalo tangu Desemba 2019 halikuwa na majaji wa kutosha kusikiliza shauri, na uamuzi ukabaki kwenye karatasi.

Wachunguzi wa mambo hukumbusha kwamba hata anayelalamika leo aliwahi kunakili. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda vitabu vya wageni, na Charles Dickens alilalamika alipoitembelea mwaka 1842. China nayo inabadilika: mwaka 2019 iliipita Marekani kwa mara ya kwanza kwa idadi ya maombi ya kimataifa ya hataza. Mwenye mali huwa mkali wa kufuli.

Mwagizaji wa Afrika Mashariki

Katika mkataba wa TRIPS nchi maskini zaidi duniani, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimepewa muda hadi Julai 1, 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya masharti yake. Kenya haimo katika kundi hilo.

Muda huo ni wa serikali, si wa mwenye duka. Sheria ya Kenya ya 2008 dhidi ya bidhaa bandia inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya kila kitu kilichokamatwa. Tanzania Bara inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia ukamataji.

Kwa hiyo mwagizaji wa viatu, simu au vipuri kutoka Guangzhou ana mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni karatasi: kama muuzaji hawezi kuonyesha idhini ya kutumia alama iliyoko kwenye boksi, bei yake nafuu ni mkopo utakaolipwa bandarini. La pili ni tarehe na orodha. Wakubwa wanapogombana, bidhaa iliyofungiwa mlango mmoja hutafuta mwingine na huweza kushuka bei, na ile inayogombewa huweza kupanda. Hotuba za mawaziri zina nafasi yake, lakini orodha ya ushuru ndiyo inayogusa mfuko.