Bomu Halimjui Rafiki

Katika michezo mingi ya video ya kushirikiana, silaha ya mchezaji haimdhuru mwenzake. Helldivers 2, ulioundwa na kampuni ya Arrowhead ya Uswidi na kutolewa Februari 2024, hauna stahamala hiyo. Ni mchezo wa watu wazima. Ulaya umewekewa umri wa miaka 18. Wachezaji hadi wanne hupigana pamoja, na bomu la mmoja humwua mwenzake kama limwuavyo adui. Aliyekufa huweza kurejeshwa, ila akiba ya kurejeshwa ni ya kundi zima. Papara ya mmoja huwagharimu wote, na hapo ndipo urafiki huingia ufa.

Basi twawausia vijana wetu mambo matatu. Kwanza, kauli itangulie mkono: mwenye kurusha na aseme, kisha asubiri kuitikiwa. Pili, waonapo mwali mwekundu wa nuru ukipaa kutoka ardhini, waondoke upesi, kwani ndipo patakapolipuka. Tatu, adui akishamfikia mwenzao, waliache bomu, watumie bunduki kwa kulenga. Na ajali ikitokea, radhi iombwe papo hapo, kabla lawama haijaota mizizi.