Haut-Katanga: Bima ya gari inalipa mpaka wapi? Swali kwa wenye magari na wakaaji wa Likasi na Shinkolobwe

Kwenye barabara kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kamio za shaba, kobalti na asidi zinapita usiku na mchana. Polisi wa barabarani akisimamisha gari, shofere anaonyesha karatasi ya bima, ile wengi wanaita asiranse, kisha anaendelea na safari. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba gari lina bima. Kiasi ambacho bima hiyo italipa siku ya ajali kimeandikwa kwenye kontra, na wenye magari wengi hawaisomi.

Shinkolobwe, karibu kilometa 20 kutoka Likasi, inajulikana duniani kwa sababu ya uranium iliyochimbwa huko na kutumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Mgodi ulifungwa tena kwa amri ya Rais mwaka wa 2004. Hatari ya udongo wake wakaaji wanaijua. Lakini mtu wa huko akienda sokoni, shuleni ao hospitali Likasi, hatari ya kila siku ni ya barabarani.

Ajali ya Februari 2019

Tarehe 20 Februari 2019, kamio iliyokuwa ikipeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda iligongana na gari la abiria kwenye barabara inayoelekea Kolwezi. Watu karibu 20 walikufa, na wengine wakaungua kwa asidi. Katika ajali kama hiyo, waliokufa wana jamaa zao, majeruhi wanahitaji matunzo ya miezi mingi, na udongo na maji vinaweza kuharibika. Madai hayo yote yanaweza kuangukia kontra moja ya bima.

Sheria inasema nini

Tangu sheria nambari 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari la moto linalotembea Kongo linapaswa kuwa na bima ya kulipa hasara ambayo gari linaletea watu wengine. Bima hiyo inamlinda mtu aliyegongwa, nyumba iliyobomolewa, gari la mwingine. Bila kipengele kingine kwenye kontra, hailipi matengenezo ya gari la mwenye kosa wala matunzo ya shofere wake.

Kwa miaka mingi, SONAS, iliyoundwa mwaka wa 1966, ndiyo peke yake iliuza bima nchini. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na leo kampuni za watu binafsi zinafanya kazi chini ya uangalizi wa ARCA. Kwa hiyo mwenye gari anaweza kulinganisha bei. Anapaswa kulinganisha pia vikomo.

Kikomo ni nini?

Kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni ya bima inakubali kulipa. Kinaweza kuwa tofauti kwa watu na kwa mali. Nchini Kenya, sheria inaweka shilingi milioni 3 kwa kila mtu anayedai. Katika jimbo la California, Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025 kiwango cha chini ni dola 30 000 kwa mtu mmoja, dola 60 000 kwa ajali nzima na dola 15 000 kwa mali.

Tuseme kamio imekosa breki, ikabomoa nyumba tatu na duka. Hasara ni dola 90 000, na kikomo cha mali kwenye kontra ni dola 50 000. Dola 40 000 zinazobaki haziondoki. Sheria ya raia ya Kongo, katika kifungu cha 258, inamtaka mwenye kosa kulipa hasara aliyoleta. Kifungu cha 260 kinamgusa pia tajiri kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Tribinali inaweza kumdai mwenye kamio.

Bima ya mwavuli

Hapo ndipo inaingia bima ya pili, inayoitwa mwavuli kwa sababu inakaa juu ya ile ya kwanza. Inaanza kulipa pale ambapo ya kwanza imefika mwisho. Katika mfano huu, mwavuli wa dola 100 000 ungelipa zile 40 000.

Lakini una masharti. Bima ya kwanza ikiwa imekwisha muda, mwavuli haushuki kulipa kuanzia franka ya kwanza. Na hasara ambayo kontra imeikataa, kama vile uchafuzi wa asidi, inaweza kubaki nje. Kwa mwenye taksi ao gari moja, njia rahisi ni kuuliza bei ya kupandisha kikomo cha bima ya kwanza. Kwa kampuni ya kamio nyingi, bima ya pili ni ulinzi wa kazi yenyewe.

Siku ya ajali

Mtu aliyegongwa, ao jamaa yake, aandike nambari ya gari, jina la kampuni ya bima na nambari ya kontra iliyo kwenye karatasi. Aombe polisi waandike ripoti, atunze karatasi zote za hospitali na za dawa. Kamio ikiwa imetoka Zambia ao nchi nyingine ya COMESA, aulize kadi ya njano: kadi hiyo inabeba bima ya gari la kigeni ndani ya Kongo, kwa kufuata sheria ya Kongo. Na kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kupokea malipo, aulize kama hayo ni malipo ya mwisho.