Kahawa Ikiwa Mtini, Akiba Ikiwa kwa Jirani

Mwezi Januari shule zinapofunguliwa, kahawa ya Kashozi, wilayani Bukoba, bado iko mtini. Mavuno ya robusta huanza mwezi Mei au Juni na kuendelea hadi karibu na Oktoba, lakini sare, madaftari, michango na nauli ya mtoto wa bweni havingoji maganda yakauke. Katika pengo hilo la miezi minne mitano ndipo huingia mnunuzi mwenye fedha mkononi. Hupita kibanjani, hukadiria magunia yatakayotoka, hutaja bei, na mwenye shamba huuza kahawa ambayo bado hajaichuma. Huko Bukoba na Muleba biashara hiyo huitwa butura. Viongozi wa mkoa wa Kagera wameipiga marufuku mara kadhaa, na mara kadhaa imerudi.

Kwa mchumi, butura ni mkopo uliovaa nguo za biashara. Tuchukue mfano wa hesabu tu: gunia likiuzwa Januari kwa shilingi 80,000, na mnunuzi akaliuza Juni kwa shilingi 200,000, mkulima atakuwa amelipa shilingi 120,000 kwa kukaa na zile 80,000 kwa miezi mitano. Hiyo ni riba ya asilimia 150 kwa muda usiofika hata nusu mwaka.

Ni rahisi kumlaumu mkulima kwamba hajui hesabu. Anaijua, tena vizuri kuliko anayemlaumu, kwa kuwa ni yeye anayeona magunia yake yakipakiwa na mtu mwingine. Swali la maana zaidi ni hili: kwa nini kaya yenye kahawa, migomba, chama cha msingi cha ushirika na simu ya kutuma fedha hufika Januari haina cha kushika? Bahati ni kwamba Kagera ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako maisha ya kaya yamechunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini, na majibu yaliyopatikana huko yamesomwa na wachumi wa dunia nzima kabla hayajawarudia wenyewe waliohojiwa.

Utafiti wenyewe ulizaliwa na msiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuzitembelea kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51 za mkoa, wakarudi tena na tena hadi 1994, ili kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya inayobaki. Mwaka 2004 watafiti wakiwemo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwatafuta watu walewale popote walipokuwa wamehamia, hata nje ya mkoa na ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Walipata watu kutoka zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo. Watoto walikuwa wamekua, wameoa na kuolewa, na kaya zile 900 na ushei zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 walifuatwa tena.

Walichokuta kinaumiza. Kaya iliyofiwa na mtu mzima ilishusha matumizi yake kwa asilimia 7 katika miaka mitano ya kwanza baada ya msiba. Kwa kuwa kaya nyingine zilikuwa zikipanda wakati huohuo, iliyofiwa iliachwa nyuma kwa pointi 19 za asilimia, na pigo lilikuwa zito zaidi pale aliyefariki alipokuwa mwanamke. Katika utafiti mwingine wa takwimu hizohizo, Beegle akiwa na Rajeev Dehejia na Roberta Gatti waliona kwamba mazao yanapoharibika, watoto huongezewa saa za kazi. Lakini katika kaya zilizokuwa na mali ya kushika, ongezeko hilo lilikuwa dogo. Hapo maana ya akiba inaonekana bila kupambwa: ng'ombe mmoja, au fedha kidogo iliyotengwa, humpunguzia mtoto jembe mwaka mbaya unapofika.

Lakini kaya nyingi za Kagera hazikuwa na akaunti ya benki miaka ile. Ziliishije? Jibu lilitoka katika kijiji kimoja cha Wahaya, Nyakatoke, chenye kaya 119. Mwaka 2000 De Weerdt alizihoji zote, raundi tano kwa mwaka mmoja. Aliuliza kila mtu awataje watu ambao anaweza kuwategemea kwa msaada wa fedha, vitu au nguvu kazi, au ambao wanaweza kumtegemea yeye. Majina yalipounganishwa, kijiji kizima kilijichora kama mtandao. Kwa wastani kaya ilikuwa na uhusiano na kaya nyingine zipatazo nane, na kumfikia karibu mtu yeyote kijijini kulihitaji kupita kwa mtu mmoja au wawili tu katikati. Waliounganishwa zaidi walikuwa ndugu, majirani wa karibu, watu wa ukoo mmoja au dini moja.

De Weerdt na Dercon waliutumia mtandao huo kupima ugonjwa unagharimu nini. Mtu akiugua na kushindwa kufanya kazi, je, sufuria ya nyumbani kwake hupungua? Kwa upande wa chakula, walikuta kijiji kwa jumla kinambeba mgonjwa. Kwa matumizi mengine, kama vile nguo, sabuni na mafuta ya taa, ulinzi ulikuwa wa sehemu tu, na ulitegemea mtandao wa mtu mwenyewe. Kwa maneno mengine, mkungu wa ndizi anaopelekewa jirani aliyelala kitandani ni malipo ya bima, ingawa hakuna anayeuita hivyo wala stakabadhi inayoandikwa. Vyama vya kuzikana vya Nyakatoke vilifanya kazi kwa namna hiyohiyo: michango ilitolewa msiba unapotokea, tofauti na vyama vya Ethiopia viitwavyo iddir, ambavyo kwa kawaida wanachama huchangia fedha kila mwezi hata kama hakuna aliyefiwa.

Kwa hiyo mtu akisema watu wa kijijini hawaweki akiba, amekosea. Wameiweka kwa watu. Kila mchango wa msiba, kila siku ya kumsaidia mwenzako kupalilia, ni amana iliyowekwa mahali ambapo itadaiwa siku ya shida.

Amana hiyo ina mipaka mitatu, na ni vizuri kuifahamu.

Mpaka wa kwanza ni umaskini wenyewe. De Weerdt alikuta kwamba maskini wa Nyakatoke walikuwa na mahusiano machache kuliko wenye uwezo. Asiye na cha kutoa hupata wachache wa kumwomba, hivyo anayehitaji bima zaidi ndiye mwenye bima ndogo.

Wa pili ni majanga yanayompata kila mtu kwa pamoja. Jirani anaweza kukubeba ukiugua wewe peke yako. Hawezi kukubeba nyumba yake nayo ikianguka, kama ilivyotokea Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Hawezi kukupa mkungu ikiwa mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, umeingia pia katika kibanja chake. Bei ya kahawa ikishuka, hushuka kwa wote. Dhidi ya majanga ya aina hii, uhusiano wenye thamani ni ule wa mbali.

Ndiyo maana mtoto aliyehamia mjini ana nafasi kubwa katika uchumi wa kaya. Beegle, De Weerdt na Dercon walilinganisha ndugu waliokulia nyumba moja na kukuta kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia kati ya 1991 na 2004. Baadaye De Weerdt na Kalle Hirvonen walionyesha kwamba waliohama ndio wanaowakinga wa nyumbani, na kinga hiyo hairudi upande wa pili: nyumbani kukiharibika, matumizi ya aliye mjini hupungua, lakini mambo yakimharibikia yeye, wa nyumbani hawaguswi. Gharama yake ni asilimia 3 hadi 5 ya ukuaji mkubwa alioupata kwa kuhama. Wanaolalamika kwamba ndugu wa kijijini wanawazuia kuendelea wangefaa kuitazama takwimu hiyo.

Simu imeufupisha umbali. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. William Jack na Tavneet Suri walikuta kwamba Wakenya wasioitumia walipunguza matumizi kwa asilimia 7 walipopatwa na janga, ilhali ya watumiaji hayakupungua. Emma Riley alipotazama takwimu za Tanzania za mvua mbaya, aliona jambo linalofanana: waliokuwa na fedha za simu ndio waliofanikiwa kulinda matumizi yao.

Mpaka wa tatu husemwa kwa sauti ya chini: kuombwa. De Weerdt, Garance Genicot na Alice Mesnard walichunguza familia pana 712 zilizotokana na utafiti wa Kagera, wakawauliza ndugu kila mmoja anajua nini kuhusu mali ya mwenzake. Makadirio mengi hayakulingana na hali halisi. Mwenendo wa fedha zilizotumwa ulionyesha pia kuwa anayepokea ndiye mara nyingi mwenye kauli kuhusu masharti ya msaada, kwa shinikizo au kwa nguvu ya kujadiliana. Magharibi mwa Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier walikuta katika majaribio yao wanawake waliokuwa tayari kupoteza sehemu ya pato ili tu ndugu wasijue wamepata kiasi gani. Fedha inayoonekana ndani ya nyumba haikai.

Hapo ndipo yanapoingia majaribio ya Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, yaliyofanywa katika vikundi vya kupeana fedha kwa zamu magharibi mwa Kenya. Wanachama wa baadhi ya vikundi walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hakuna riba iliyolipwa, wala hakuna aliyezuiwa kufungua. Hata hivyo, baada ya mwaka, matumizi yao kwa kinga ya afya yalikuwa yamepanda kwa theluthi mbili au zaidi yakilinganishwa na ya wasiopewa. Maelezo ya watafiti ni kwamba fedha iliyopewa kazi yake ina nguvu kuliko fedha iliyo mfukoni. Mwenyewe huogopa kuigusa kwa jambo dogo, na mwombaji huelewa anapoambiwa kwamba ile tayari ina mahali pake.

Wanachama wa VICOBA na vikundi vya hisa wanalijua jambo hili kwa vitendo. Sanduku lao huwa na kufuli tatu, funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na mfuko wa jamii hutengwa na hisa. Kinachohitaji kutazamwa upya ni kalenda. Kikundi kinachogawana fedha mwanzoni mwa Desemba huzitoa wakati wageni wanarudi nyumbani na sikukuu inabisha hodi. Mgao uleule ukisogezwa hadi juma la kwanza la Januari ungekuta orodha ya mahitaji ya shule mezani.

Uthibitisho kwamba tarehe ni muhimu ulipatikana Busia, Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Robinson waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, wakiahidiwa kuletewa bila nauli. Punguzo hilo dogo liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiwango kinachokaribia kile ambacho punguzo kubwa la bei lilikifikia baadaye katika msimu. Mkulima alitaka mbolea muda wote; alichokosa ni kulipia siku ambayo fedha ilikuwepo.

Fundisho hili linaweza kutumika Kashozi bila kungoja mradi kutoka nje. Chama cha msingi kinapomlipa mkulima mwezi Julai, kinaweza kumpa fomu ya hiari ya kutenga sehemu ya malipo katika akaunti ya shule, na kumlipa Januari. Kwa asiye na akiba hiyo, mkopo wa kikundi chake bado ni nafuu kuliko kuuza kahawa mbichi. Ila achunguze anamkopa nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi visajiliwe na wakopeshaji wawe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizofanya kazi bila idhini. Mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu hukua pale kaya inapokuwa na haraka na haina pa kwenda.

Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kwa kaya ya kahawa, kufikia huduma ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni huduma hiyo kufuata msimu wake. Viongozi wa vyama vya msingi na vikundi vya hisa wa Bukoba na Muleba, ambao hawahitaji ruhusa ya mtu kupanga upya tarehe zao, waiweke hoja ya akiba ya shule katika ajenda ya mkutano kabla msimu ujao wa kahawa haujafunguliwa.