Chaneli Zilizopotea Zirudi, na Maelezo Yatangulie

Si jambo geni siku hizi kumkuta mwananchi ameketi mbele ya televisheni yake saa mbili usiku, akingoja taarifa ya habari, na badala ya habari akaona kioo cheusi kilichoandikwa kwamba hakuna mawimbi. Jana chaneli zilikuwapo zote. Leo asubuhi king'amuzi kilitafuta chaneli upya, ama kwa amri ya mwenye nyumba, ama kwa vidole vya mtoto aliyekuwa akichezea rimoti, na tangu hapo nusu ya chaneli hazionekani. Lawama huanza papo hapo. Hulaumiwa fundi, hulaumiwa aliyeuza king'amuzi, na mwishowe hulaumiwa Serikali.

Tumeona inafaa tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu mbili. Kwanza, mara nyingi dawa yake imo mumo humo nyumbani, wala haihitaji fedha. Pili, pale ambapo dawa haimo nyumbani, basi imo mikononi mwa wenye dhamana, nao hawana budi kukumbushwa.

Wasomaji watakumbuka kwamba usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikaitangulia Afrika Mashariki nzima katika safari hiyo. Miji mingine ikafuata kwa awamu, ili nchi isipitwe na tarehe 17 Juni 2015, iliyowekwa katika makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006. Wananchi wakaambiwa wanunue ving'amuzi, nao wakanunua, wengine kwa fedha za mahindi na kahawa, wengine kwa fedha za karafuu na samaki. Wakaahidiwa kwamba chaneli 5 za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zingeonekana bila malipo hata kifurushi kikiwa kimekwisha. Ahadi ile ilikuwa njema. Lakini chaneli isiyolipiwa haina faida kwa mtu ambaye chaneli yenyewe imetoweka katika orodha yake, naye hajui namna ya kuirudisha.

Mtu asidhani kwamba tunazungumza habari za tamthilia na mpira tu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija kutoka Bahari ya Hindi, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma yetu hii. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, kikaenda kupiga kaskazini mwa Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia Mafia na pwani ya Kusini, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kwa nahodha wa Pemba, kwa mvuvi wa Mafia, na kwa mvuvi wa Ziwa Nyasa anayetega nyavu zake karibu na visiwa vya Lundo na Puulu, taarifa ya upepo ndiyo inayoamua kama leo atoke au abaki. Redio ipo na simu ipo, lakini tahadhari hufika vyema inapopita katika milango yote. Si haki mlango mmoja ufungwe kwa sababu ya kitufe kilichobonyezwa vibaya.

Sasa tueleze kinachotokea. Mawimbi ya analojia yalikuwa na subira. Yakidhoofika, picha ilijaa chenga, lakini mtu aliweza kuona kivuli cha msomaji wa habari na kumsikia. Mawimbi ya dijitali hayana subira hiyo. Yakitosha, picha huwa safi kabisa. Yakipungua kidogo, picha hukatika vipande vipande. Yakipungua zaidi, hutoweka yote. Tena, chaneli nyingi husafiri pamoja katika masafa mamoja, kama abiria wa basi moja. Basi lile lisipofika kituoni, hawakosekani abiria wawili au watatu, hukosekana wote. Ndiyo maana mwananchi hupoteza chaneli kwa mafungu.

King'amuzi kinapoamriwa kutafuta upya, kwa kawaida hufuta orodha ya zamani na kuandika mpya kutokana na kile kinachokipata kwa dakika zile. Ikiwa kwa dakika zile mvua inanyesha, au waya umelegea, au umeme umekatika katikati ya kazi, orodha mpya itatoka pungufu, na ile ya zamani imekwisha kwenda. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Anayetafuta chaneli upya bila kuangalia kwanza hali ya antena yake ndiye aliyeutupa mbachao.

Sisi wenyewe tumeyaonja hayo. Katika ofisi moja hapa Songea, tulitaka kuongeza chaneli moja tu, tukaamuru utafutaji upya, umeme ukakatika, na uliporudi tukabaki na chaneli tatu. Akaitwa fundi. Akasema king'amuzi kimekufa na kinunuliwe kingine. Kijana mmoja aliyekuwa amekuja kwa shida zake akaomba rimoti, akaingia katika menyu, na kwa muda usiozidi robo saa chaneli zote zikarudi. Hatukupungukiwa fedha siku ile. Tulipungukiwa maarifa.

Basi mwananchi afanyeje? Kwanza, asikimbilie rimoti. Amuulize jirani. Ikiwa jirani naye hapati, tatizo liko mnarani, na kutafuta upya kutamwongezea hasara tu. Yafaa angoje.

Ikiwa jirani anapata, aangalie waya kutoka kwenye antena hadi kwenye king'amuzi. Huko visiwani na pwani, hewa ya chumvi hula vichwa vya waya hadi vikaota kutu. Huku kwetu, maji ya masika huingia ndani ya waya uliopasuka. Waya ukauke, kutu ipanguswe, viungio vikazwe. Kisha aangalie kama antena bado inaelekea mnarani, au upepo umeigeuza, au mwembe uliopandwa zamani umekua ukaziba njia.

Tatu, afungue ukurasa wa mawimbi katika menyu. Atakuta vipimo viwili, nguvu na ubora. Wengi hutazama nguvu peke yake, wakadanganyika. Nguvu inaweza kuwa kubwa na ubora ukawa mdogo, kama mtu apigaye kelele nyingi asiyesikika anasema nini. Antena igeuzwe polepole, mmoja nje na mwingine ndani akisoma vipimo, mpaka ubora upande na utulie. Ndipo utafutaji uanze.

Nne, yako mambo madogo katika menyu yanayowapoteza hata mafundi. Antena nyingi zenye kikuza mawimbi hulishwa umeme mdogo kutoka katika king'amuzi chenyewe. Mtu akirudisha king'amuzi katika hali ya kiwandani, mara nyingi umeme huo huzimika bila taarifa, na antena hulala. Uwashwe tena katika menyu. Vilevile kipo kipengele kinachoamua kama king'amuzi kitafute chaneli zote au zile zisizolipiwa tu. Kikiachwa vibaya, chaneli zilizopo hewani hazitaandikwa.

Tano, ikiwa yote hayo yamefanywa na orodha bado imevurugika, ipo mbinu ambayo mafundi wengi huitumia. Antena ichomolewe, king'amuzi kitafute bila antena mpaka kimalize na kukuta patupu, ili orodha mbovu ifutike. Kisha kizimwe na kuchomolewa katika umeme kwa dakika chache, antena irudishwe, na utafutaji ufanywe mara ya pili. Na anayezijua tarakimu za masafa ya mnara wake anaweza kuziingiza kwa mkono. Zikisharudi chaneli, azinakili tarakimu hizo katika daftari, kama mtu anavyonakili siku aliyopanda mahindi yake.

Kuna tofauti moja ambayo ndugu zetu wa visiwani wanapaswa kuijua. Mji wetu wa Songea umezungukwa na milima, Matogoro ikiwa mojawapo, na mlima huziba mawimbi. Aliye nyuma ya kilima hukosa. Bahari haina kilima. Hewa inapotulia juu ya maji, mawimbi huweza kusafiri mbali kuliko kawaida, na mtu wa kisiwani anayetafuta chaneli usiku kama huo anaweza kuandika katika orodha yake chaneli za mnara wa mbali. Kukicha, hewa ikibadilika, chaneli zile hutoweka. Mtu huyo hajaibiwa kitu. Alipokea mgeni wa usiku mmoja akamdhani ni mwenyeji. Dawa yake ni kutafuta upya hali ya hewa iwapo ya kawaida, antena ikielekezwa kwenye mnara wa kwao.

Hayo ni ya mwananchi. Sasa tugeukie kwa watumishi wa umma na wenye mitambo, maana mzigo huu si wa mwananchi peke yake.

Masafa hubadilishwa kwa sababu za halali. Sehemu ya masafa yaliyokuwa ya televisheni imekabidhiwa simu kwa makubaliano ya mataifa, na mitambo ya kurushia matangazo huhamishwa au huongezwa. Hatupingi. Tunachosema ni kwamba anayehamisha kisima awaambie wachota maji kabla hawajafika na ndoo. Hata nchi zilizoendelea zimeteleza hapa. Uingereza, tarehe 30 Septemba 2009, nyumba zipatazo milioni 18 zilitakiwa kutafuta chaneli upya kwa siku moja. Walitangaza mapema, na hata hivyo wako waliopoteza chaneli walizozizoea, kwa kuwa minara midogo ya kwao haikuzirusha. Ikiwa waliotangaza walipata matatizo, asiyetangaza kabisa atarajie nini?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. La kwanza, badiliko lolote la masafa litangazwe siku nyingi kabla, katika redio, katika mbao za ofisi za kata na shehia, na baada ya sala misikitini na makanisani. La pili, masafa ya kila mnara yabandikwe mahali pa wazi, ili mwananchi asiyanunue kwa fundi kama hirizi. La tatu, maelezo yanayofuatana na ving'amuzi yawe ya Kiswahili kinachoeleweka, kwa maandishi yanayosomeka na mzee mwenye miwani. La nne, vijana wa vyuo vya ufundi, kama kile cha VETA hapa Songea, wafundishwe kazi hii na wapelekwe vijijini na visiwani, ili fundi asiyejua asipate nafasi ya kuuza kipya mahali ambapo cha zamani ni kizima.

Songea ilingoja muda mrefu. Mpaka mwaka 2018 mji huu ulikuwa ukiwashwa kwa majenereta ya dizeli, ndipo njia ya umeme kutoka Makambako ikatuunganisha na gridi ya Taifa. Zanzibar ilitutangulia kwa televisheni tangu mwaka 1974, ilhali Bara iliingoja hadi miaka ya 1990. Nchi iliyotumia miaka mingi hivyo kuufikisha umeme na picha hadi nyumbani kwa mkulima na mvuvi isikubali vipotee kwa kukosa maneno machache ya maelezo.

Tulifundishwa tangu chuoni, tulipokuwa tumeketi mkekani mbele ya maalimu, kwamba elimu ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Maarifa ya masafa na minara ni amana iliyo mikononi mwa wachache. Mwananchi na akague waya wake kabla ya kubonyeza, na ofisi na itangaze kabla ya kuhamisha. Kila upande ukitimiza wajibu wake, chaneli zilizopotea zitarudi, na tahadhari ya upepo itamfikia mvuvi angali nchi kavu.