Ufa wa Bomba la Boila Huanzia Kwenye Maji

Viwanda vya sukari vya Afrika Mashariki, kama kile cha Kilombero nchini Tanzania na cha Kakira nchini Uganda, huchoma makapi ya miwa katika boila ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo na kuchemshia maji ya miwa. Mvuke huo huzaliwa ndani ya mabomba ya feleji yanayobeba mkazo, yaani nguvu inayolielemea kila eneo dogo la metali pale shinikizo la ndani linapotaka kulitanua bomba. Bomba lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 4, likiwa na shinikizo la megapaskali 4, ambalo ni takriban mara 40 ya shinikizo la hewa, hupata mkazo wa megapaskali 25 kuuzunguka mwili wake na nusu tu ya huo kwa urefu, na ndiyo maana likizidiwa hupasuka kwa urefu badala ya kukatika.

Mkazo huo ni mdogo kwa feleji ya kawaida, ambayo ikiwa baridi huhimili megapaskali 200 na zaidi. Kinachoiponza ni joto. Kwa shinikizo hilo maji huchemka yakifikia nyuzi 250 hivi, na maadamu yanaugusa ukuta, metali haizidi sana hapo. Ila yakiwa na chokaa, huacha magamba ambayo hupitisha joto chini ya sehemu moja ya ishirini ya lile linalopitishwa na feleji. Metali ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 400, huanza kutambaa, maana yake hutanuka polepole bila kurudi, hadi nyufa nyembamba sambamba zijitokeze. Joto likipanda ghafla, bomba huvimba na kufunguka kama mdomo wa samaki, kingo zake zikiwa zimekonda; umbo la ufa huonyesha chanzo chake, kwa hiyo kipande kilichokatwa hakifai kutupwa kabla ya kuchunguzwa.

Sukari ina hatari yake pekee. Mvuke uliopoa ukawa maji hurudishwa kwenye boila, na tundu dogo katika kichemshio cha maji ya miwa likipenyeza sukari humo, joto huivunja ikawa asidi inayoula ukuta, na ukuta ukibaki milimita 2 mkazo huwa maradufu. Kwa sababu hiyo maabara huyapima maji hayo mara kwa mara kwa alfanaftoli na asidi kali ya salfa, na duara la zambarau likionekana, maji yote hayo humwagwa hadi tundu lipatikane.