Sahani ya Mtoto Aioshe Nani?

Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa mtoto wa miaka saba anaijua ndoo yake. Pita Mkotokuyana asubuhi: mmoja anafagia uwanja, mwingine amefuata maji. Msimu wa korosho ukianza, mwezi Oktoba hivi, wadogo huokota na kuzitenga na mabibo pamoja na wazazi. Hawalipwi, wala hawaoni ajabu.

Taabu iko mjini, kwenye nyumba zenye uwezo wa kuajiri msichana wa kazi. Mama ni muuguzi, baba yuko ofisini. Msaidizi anahitajika, sibishani na hilo. Lakini wiki moja tu baada ya msichana kufika, mtoto wa darasa la tano ameacha kutandika kitanda. Akitaka maji ya kunywa, anaita. Na anayeitwa mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini juzi tu, anayemzidi miaka mitatu au minne!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na mwenye 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kwa mtu mzima, saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Sasa tupige hesabu. Anayeamka Jumatatu saa 11 alfajiri kuwasha mkaa, akalala saa 4 usiku baada ya kufua soksi za watu watano, hata ukimtolea saa mbili za kupumzika kila siku, saa zake 45 zimekwisha Jumatano usiku.

Mimi nashauri kazi za msichana zitajwe siku ya kwanza, watoto wakisikia: kupika, kupiga deki, kumtunza mdogo. Sahani, kitanda, viatu na nguo za ndani za mwanafunzi ni vya mwenyewe. Na mvulana pia, maana tumezoea kumpeleka dada jikoni na kaka kwenye mpira. Mshahara usipunguzwe eti kwa kuwa watoto wanasaidia.

Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Siku hiyo watoto wapike uji. Utaungua mara mbili tatu, lakini mtaunywa.